ND4: Jeni ya Upande wa Mama na Nuru ya Macho

Kijana wa miaka 20 anaamka na kuona ukungu katikati ya jicho moja. Hana maumivu. Baada ya wiki chache, jicho la pili linafuata. Nyumbani maneno yanaanza: karogwa, au ukoo wa mama yake una mkosi. Kabla hatujamtuhumu mtu, tujifunze.

Ndani ya seli zetu mna mitokondria, majiko madogo yanayotoa nguvu kutokana na chakula na hewa tunayovuta. Sehemu ya kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya kikubwa kiitwacho Kompleksi ya Kwanza, kilichoundwa kwa protini zaidi ya 40. Maagizo ya protini 7 kati ya hizo yamo ndani ya mitokondria yenyewe, si katika kiini cha seli. Mojawapo ni jeni ya ND4.

Mwaka 1871 daktari Mjerumani, Theodor Leber, alieleza upofu huu unaoandama familia. Mwaka 1988 Douglas Wallace na wenzake nchini Marekani walionyesha chanzo chake kimoja: herufi moja tu ndani ya ND4, ya 11778 katika herufi 16,569 za DNA ya mitokondria, imebadilika. Kimeng'enya kinalegea, na neva inayopeleka picha kutoka jichoni hadi kwenye ubongo inadhoofika.

Tushike mambo matatu.

Kwanza, mitokondria tunarithi kwa mama. Baba, hata akipofuka kwa ugonjwa huu, hawarithishi watoto wake. Basi kijana aliyepatwa asikatazwe kuoa kwa hofu hiyo.

Pili, kubeba badiliko hili si lazima kupofuka. Wengi wanaolibeba, hasa wanawake, huona maisha yao yote. Hivyo mama mwenye macho mazima aweza kurithisha asichokijua. Hakuchagua jeni zake, kama nasi tusivyochagua zetu. Kumlaumu ni dhulma.

Tatu, sigara humwongezea hatari anayelibeba. Mwenye kaka au mjomba aliyepoteza kuona ujanani ajiepushe na moshi, na amweleze daktari wa macho habari hiyo ya familia.

Mara nyingi kuona kwa pembeni hubaki. Kijana huyo ataweza kutembea, lakini maandishi yatamshinda. Tukiwa na mwenzetu wa namna hiyo darasani, tumsomee. Hiyo ni sadaka isiyohitaji fedha.