Nani analipia usafiri wa "bure"?

Swali: Nauza viatu vya watoto mtandaoni hapa Dar es Salaam. Kila mteja anauliza kama kupelekewa mzigo ni bure. Nikijibu hapana, ananyamaza. Nifanyeje?

Jibu: Wateja wako wamezoeshwa, usiwalaumu. Mwaka 2002 Amazon ya Marekani ilianza kusafirisha bure oda za kuanzia dola 99, na mwaka huohuo ikashusha kiwango hadi dola 25. Mwaka 2005 ikaleta Prime: ada ya dola 79 kwa mwaka, mzigo ufike kwa siku mbili. Kwa hiyo hata huko mteja alilipa, ama kwa kununua zaidi, ama kwa ada.

Wewe weka kiwango chako. Anayechukua jozi tatu ndani ya Dar apelekewe bure. Wa jozi moja alipe nauli ya bodaboda. Nauli hiyo iandike chini ya picha ya kiatu, eneo kwa eneo: Sinza kiasi gani, Mbagala kiasi gani. Mara nyingi kinachomkimbiza mteja ni kuisikia nauli mwishoni, mkishakubaliana bei. Wa mikoani waambie mapema kwamba gharama ya kifurushi cha basi ni yao.

Usipandishe bei kimyakimya kisha ukaandika "bure". Mteja anayefuata viatu mwenyewe atakuwa anamlipia nauli wa Mbagala, na hiyo si haki.

Kabla ya kutangaza, pitia oda zako za mwezi uliopita. Kama jozi tatu haziachi faida baada ya kumlipa bodaboda, anzia nne.