Kamba ya Mfalme Haikutosha

Kwa muda wa karne nyingi mpaka wa Uingereza na Uskoti ulikuwa makao ya wanyang'anyi. Vita vya wafalme viliteketeza mashamba mara kwa mara, hata watu wengi wakaona kulima ni kazi bure. Wakageuza wizi wa ng'ombe kuwa riziki. Koo kama za Armstrong na Graham zilivuka mpaka usiku kwa farasi, zikachoma nyumba na kuswaga mifugo. Aliyeiba Uingereza alikimbilia Uskoti, na aliyeiba Uskoti alikimbilia Uingereza.

Je, wenye mamlaka walinyamaza? Sivyo. Kila upande uliwekewa wasimamizi watatu wa mpaka, nao walikutana siku za mapatano kusikiliza mashtaka. Mwaka 1525 Gavin Dunbar, Askofu Mkuu wa Glasgow, alitoa tamko refu la kuwalaani wanyang'anyi hao. Mwaka 1530 Mfalme James V wa Uskoti, kijana wa miaka 18, alikwenda mwenyewe na jeshi, akamnyonga Johnnie Armstrong pamoja na wafuasi wake wengi. Hata hivyo wizi haukukoma. Sababu yake si ngumu kuiona: kila ufalme ulipotaka kumdhuru jirani yake, uliwafumbia macho wezi wake, hata ukawatumia.

Badiliko lilikuja mwaka 1603, James VI wa Uskoti aliporithi pia kiti cha Uingereza. Mwaka 1605 aliunda tume ya watu kumi, watano wa kila upande, isimamie sheria mpakani kote. Ndipo mwizi alipokosa ng'ambo ya kukimbilia.

Lakini tusisifu yote. Wengi walinyongwa kwa haraka pasipo hukumu ya haki, na jamaa za ukoo wa Graham zilipelekwa kwa nguvu Ireland. Kumwadhibu mtu kwa sababu ya jina la ukoo wake si haki, hata kama nchi yapata utulivu.

Basi, twajifunza nini? Mpaka hautulii kwa kamba peke yake, bali pande mbili zinapokataa kwa moyo mmoja kumficha mwizi. Nasi wazazi tuwafundishe watoto wetu kwamba ng'ombe aliyeibwa ng'ambo ni wa wizi vilevile, na anayekula nyama yake huku akijua, ameshiriki wizi huo.