Waya Mpya Ndani ya Mashua ya Kikundi

Siku hizi vikundi vingi vya wavuvi hapa pwani vina mashua ya injini yenye betri ya volti 12 na taa moja au mbili. Baadaye wanaongeza taa za omo, pampu ya kutoa maji ya ngama na mahali pa kuchaji simu. Hayo ni maendeleo. Lakini kikundi kimoja tunachokitembelea kilishtukia moshi unatoka chini ya sakafu, usiku, wakiwa watu sita baharini. Nahodha aliwahi kufungua betri, wakapona. Asubuhi tulifungua mbao pamoja nao tukaona sababu: waya wa nyumba uliopita juu ya ncha ya msumari, umeungwa kwa tepu ndani ya ngama, na fyuzi hakuna. Basi tujifunze.

1. Tupige hesabu kwanza. Wati ukigawanya kwa volti unapata ampea. Taa tatu za wati 12 ni wati 36, yaani ampea 3. Zikiwa mita 10 kutoka kwenye betri, umeme unaenda na kurudi: mita 20. Waya wa milimita 1 ya mraba utapoteza karibu volti 1 njiani, na taa zitafifia. Wa milimita 4 za mraba hupoteza chini ya volti 0.3. Tununue waya wa nyuzi nyingi nyembamba, ikiwezekana wa shaba iliyopakwa bati. Ule wa nyumba wenye uzi mmoja mnene hukatika kwa mtikisiko wa injini, na chumvi huila shaba tupu.

2. Tuchague njia. Kabla ya yote, tufungue betri, upande wa hasi kwanza. Waya upite juu, karibu na ukingo, si ndani ya ngama. Ukae mbali na bomba la moshi, shafti inayozunguka na tangi la mafuta. Tusitoboe taruma bila kumwuliza fundi wa vyombo. Kila tundu livikwe mpira.

3. Mahali pembamba. Nyuma ya mataruma mkono haufiki. Chukua ufito mwembamba, funga kamba ya nailoni kwenye ncha, sukuma mpaka itokee upande wa pili. Funga waya kwenye kamba bila fundo nene, uzungushie tepu uwe laini kama mkia wa panya. Mmoja avute, mwingine alishe waya taratibu. Sabuni ya maji kidogo inasaidia. Ukikwama, usivute kwa nguvu: rudisha kidogo, zungusha, jaribu tena. Na jambo ambalo wengi husahau: vuta kamba ya pili pamoja na waya, uiache humo ndani. Siku ya kuongeza waya mwingine, njia iko tayari.

4. Kumalizia. Tushike waya kwa klipu kila sentimita 45 hivi. Kabla ya swichi, uning'inie kidogo ili maji yadondoke chini. Fyuzi ikae karibu na betri, na isizidi uwezo wa waya, maana kazi yake ni kuulinda huo waya. Maungio yawe pakavu, panapofikika. Mwisho, mchoro uwekwe kwenye daftari la kikundi.

Mweka hazina wa kile kikundi aliuliza kwa nini pesa nyingi ziende kwa kitu kisichoonekana. Mzee mmoja alimjibu kwamba ufa wa chini nao hauonekani, na ndio unaozamisha. Hapo wakakubaliana kuchanga.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi
- Nani kati yetu anajua waya wa mashua yetu unapita wapi?
- Fyuzi ziko ngapi, na ziko wapi?
- Moshi ukitoka usiku wa leo, nani atafungua betri, na spana iko wapi?