Usimwite Mama Mjane Kama Hakuwa Mjane

Wadogo zangu, leo naziweka kando barua za uchumba na za mawifi. Ipo moja kutoka Tanga ambayo imenikaa rohoni, na najua wengi wenu mtajiona ndani yake.

Mdogo wangu huyu amefiwa na mama. Mama aliwalea watoto watatu peke yake. Alikuwa mhudumu wa afya wa mtaa, yule anayepita nyumba kwa nyumba kuulizia kadi za kliniki na kuhakikisha mgonjwa wa kifua kikuu amemeza dawa zake. Jioni alikuwa kiongozi wa kikundi cha ngoma na maigizo cha akina mama. Nyimbo alitunga mwenyewe. Arobaini inakaribia, na wajomba wamempa binti kazi ya kuandika wasifu utakaosomwa siku hiyo. Sharti lao ni moja: aandike kwamba marehemu alikuwa mjane. Baba yu hai, ana familia nyingine mji mwingine, na watu wote wa mtaani wanalijua hilo. Wajomba wanasema neno "mjane" lina heshima mbele za watu.

Mdogo wangu, usiliandike.

Sikwambii ugombane na wajomba zako. Wamefiwa na dada yao, na kwa namna yao wanataka kumsitiri. Waendee kwa adabu, mmoja mmoja, kabla ya kikao cha familia, na uanze na yule aliyekuwa karibu zaidi na mama. Mwambie hivi: "Mjomba, mama hakujificha akiwa hai. Tukimficha sasa, tutakuwa tunasema alikuwa na la kuonea aibu." Kisha mwoneshe sentensi utakayoandika. Si lazima imtaje baba wala itoe habari za nani alimwacha nani. Andika tu: "Alilea watoto wake watatu peke yake." Mtu akitafuta aibu ndani ya maneno hayo, hataipata.

Tena ukimwita mjane unafuta nusu ya kazi yake. Kila ada ya shule, kila sare, kila usiku wa homa, palikuwa na mtu mmoja wa kuamua na kulipa, na bado kesho yake alitoka kwenda kuwatazama watoto wa wenzake. Msikilizaji asipolijua hilo, atamwona mama yako kama mtu aliyekuwa na nafasi nyingi, ndiyo maana akaimba na kujitolea. Hakuwa na nafasi. Alijinyima ili aipate.

Nakupa mfano wa mwanamke ambaye historia yake haikufichwa. Mwalimu Micere Githae Mugo alizaliwa Baricho, Kirinyaga, mwaka 1942. Alikuwa mshairi na mwandishi wa tamthilia. Ile ya kesi ya Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, aliiandika pamoja na Ngũgĩ wa Thiong'o mwaka 1976. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa mkuu wa kitivo katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 1982 siasa za Kenya zilimlazimisha kukimbia nchi, na alikimbia akiwa na mabinti zake wawili wadogo. Alinyang'anywa uraia wa Kenya, Zimbabwe ikampa wake. Alifundisha Harare, kisha Marekani, na tangu 1993 hadi alipostaafu alikuwa Syracuse, New York. Huko nako hakujifungia chuoni. Alianzisha jumuiya ya Waafrika na watu wa asili ya Afrika wa eneo lile, akawa mama wa watu wengi waliokuwa mbali na kwao.

Alipofariki tarehe 30 Juni 2023, waliomlilia walisema yote kwa pamoja: ushairi, uhamisho, mabinti aliowalea peke yake, na jumuiya. Hakuna aliyeona haja ya kumtafutia mume wa kumpamba. Na yeye mwenyewe alijua kumkumbuka mama: kitabu chake cha mashairi cha mwaka 1994 alikipa jina la wimbo wa mama yake. Katika maandishi yake ya miaka ya mwisho alishika neno moja la Kiswahili, utu, akaliweka hata kwenye jina la kitabu kilichotoka 2021. Mama yako alikuwa na huo huo utu, ila wa kwake uliishia mtaani kwenu. Ndiyo sababu wewe unatakiwa kuuandika.

Sasa nije kwenye sehemu ya barua yako uliyoiandika chini kabisa, kwa herufi ndogo, kana kwamba ulitaka nisiione. Umesema una hasira naye. Umesema alikuwa wa watu wote, wewe ukabaki unapika na kuogesha wadogo zako, na kwamba siku ya mahafali yako ya darasa la saba kikundi kilikuwa na onyesho, akafika watu wameshaanza kutawanyika. Unauliza kama mtoto mwema anaweza kufikiri hivyo kuhusu marehemu.

Anaweza, mdogo wangu. Mtoto wa mama anayewatumikia watu humgawana mama yake na mtaa mzima bila kuulizwa, na anayelelewa na mzazi mmoja hana wa kumkimbilia mama anapotoka. Hayo yalikuumiza kweli. Usiyaandike kwenye wasifu wa arobaini, maana pale si mahali pake, lakini usiyazike pia. Kaa na ndugu zako wawili siku moja, nyinyi tu, myaseme. Nina hakika hata wao wana ya kwao.

Ila kuna jambo umeliandika wewe mwenyewe, na sidhani kama uliliona. Umesema ulipovunjika mkono, mama akiwa kazini, aliyekukimbiza hospitali ni mama wa nyumba ya pili, mwimbaji mwenzake wa kikundi. Umesema mwaka uliokosa ada, akina mama wa kikundi walikupa mchezo wao wa mwezi ingawa haikuwa zamu ya mama. Yaani wale watu uliodhani wanakuibia mama ndio aliokuwa anawaweka karibu ili usibaki peke yako. Mwanamke asiye na mwenzi wa kumsaidia hujenga ukoo wake kwa mikono yake, na mama yako aliujenga kwa ngoma na kwa mzani wa kupimia watoto. Hilo halifuti mahafali. Lakini na lenyewe ni kweli, nalo lina nafasi kwenye wasifu.

Naomba pia usiitenganishe sanaa yake na huduma yake. Wengi wanaandika, "Marehemu alikuwa mhudumu wa afya, pia alipenda ngoma," kana kwamba ngoma ilikuwa ya kupumbazia jioni. Sisi tumetoka katika nchi iliyojua kazi ya sanaa. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilipita redioni na katika vikundi vya watu waliokaa pamoja kusikiliza na kujadili. Ngonjera za Mathias Mnyampala ziliingia mashuleni zikabeba siasa na maadili. Mama yako alipotunga wimbo wa chanjo ukaimbwa kwenye harusi, alikuwa kazini. Ulinieleza kwamba kina mama walikuwa wanafika kliniki huku wanauimba. Andika hilo hasa. Taja wimbo, taja mtaa, taja kwamba uliimbwa mpaka na watoto wanaoruka kamba.

Halafu kuna lile daftari. Umesema ni kaunta buku lenye jalada lililobanduka, lililofungwa kwa kipande cha kanga, nyimbo zimeandikwa kwa kalamu ya bluu na marekebisho kwa nyekundu, na kurasa nyingine zina hesabu za unga na mafuta ya taa pembeni ya beti. Usizikate hizo hesabu. Piga picha kila ukurasa jinsi ulivyo, mchana, karibu na dirisha, kisha tuma nakala kwa ndugu zako ili zisibaki kwenye simu moja. Na kaseti za nyimbo zake ulizozitaja, usizichomeke kwenye redio yoyote ya zamani kwa haraka ya kusikia sauti yake. Utepe uliokaa kwenye joto na unyevu hukatika au kumezwa na mashine. Tafuta mtu mwenye mashine nzima azihamishe kwanza.

Na nyimbo hizo zina haki. Kwa sheria ya hakimiliki ya Tanzania, haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo, na warithi ndio wanaoishika. Kama kikundi kitataka kuendelea kuziimba, wakubalieni kwa moyo mweupe, lakini andikianeni kwamba mtunzi ni yeye. Nendeni Ofisi ya Hakimiliki mkaulize utaratibu wa kuzisajili. Nimeona nyimbo nyingi za wanawake wetu zikibaki kuitwa "za asili", huku mjukuu wa mtunzi akizisikia redioni bila jina la bibi yake.

Siti binti Saad wa Fumba, mwimbaji wa taarabu, hakupotea hivyo. Alianza kwa kuuza vyungu, ndoa yake ilivunjika, akahamia mjini Unguja mwaka 1911, na mwaka 1928 alirekodi sahani za santuri Bombay. Tunayajua maisha yake kwa sababu mwandishi Shaaban Robert alimfikia kabla hajafariki mwaka 1950, akamsikiliza, akaandika. Miongo baadaye wanahabari wanawake wa TAMWA walipoanzisha jarida lao, waliliita Sauti ya Siti. Mama yako hukuwahi kukaa naye namna hiyo, lakini wapo waliokaa naye. Usiwasubiri waje kwenye arobaini na sukari na mchele. Wafuate sasa: yule mpiga ngoma mzee, yule mgonjwa aliyepona, mama wa nyumba ya pili. Washa kinasa sauti cha simu, waulize, "Mama alikufundisha nini?" na unyamaze waseme.

Wajomba wakisisitiza, wape wao wasome sehemu ya ukoo na utoto wake, wewe usome ya utu uzima wake. Anza na jina lake kamili. Chini yake andika: mama, mtunzi na mwimbaji, mhudumu wa afya wa mtaa. Kisha ile sentensi ya watoto watatu, kwa sauti ya kusikika hadi nyuma. Na niandikie baada ya arobaini, mdogo wangu, uniambie ilikuwaje.