Mafunzo Niliyopata kwa Silanga Letu la Kalokol

Mvua za mwisho wa 2019 zilitubebea zizi la mbuzi. Ndugu watatu tukachanga, tukajenga silanga, yaani bwawa dogo la tuta la udongo, kwenye kijito kinachoingia kwenye laga (mto wa msimu), juu kidogo ya Kalokol, mji ulio karibu na Ghuba ya Ferguson ya Ziwa Turkana.

1. Mchanga haushiki maji. Mzee mmoja alilowesha konzi ya udongo, akaiviringa kama kidole, akaikunja iwe pete. Ikikatika, tafuta kwingine. Tulichimba mahali panne kabla pete haijakubali. Tukajaza tabaka la shubiri moja moja, tukimwagia maji, punda wakikanyaga.

2. Silanga la kuzuia mafuriko linatakiwa liwe na nafasi mvua inapokuja. Hapa ndipo nilipogombana na kila mtu, maana likishajaa halizuii kitu. Lakini hebu mwambie Mturkana amwage maji mwezi wa tatu, mbuzi wana kiu! Shemeji aliniuliza kama jua limenipanda kichwani. Mwishowe tukapitisha bomba katikati ya kimo cha tuta: maji ya chini ya mifugo, nafasi ya juu ya mafuriko. Mara mbili nimekuta bomba limezibwa kwa matambara. Sijauliza ni nani, najua.

3. Adui wa tuta la udongo ni maji yanayopita juu yake. Njia ya maji ya ziada tuliipa upana wa hatua mbili, kwa ubahili tu. Usiku mmoja yakapita juu. Asubuhi nikaingiza mkono kwenye mfuo mpaka kiwiko. Sasa ni hatua nane, pembeni kwenye ardhi ngumu, na imepangwa mawe.

4. Miti ya mathenge ing'olewe ingali miche. Mzizi ukioza ndani ya tuta, maji yamepata njia.

5. Tuta ni letu, maji yakitoka si yetu peke yetu. Usiku wa 9 Mei 2018, bwawa la udongo la shamba la mtu binafsi lilipasuka huko Solai, Nakuru, likaua watu wasiopungua 47. Kabla ya kuyawaza hayo, kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji nilikuwa nikikiona usumbufu wa makaratasi.

6. Ziwa halizuiwi kwa tuta. Ziwa Turkana lilipopanda, wavuvi walihama ufukweni, na baadhi yao wamejenga chini ya silanga letu. Wingu likisimama upande wa milimani, mimi ndiye wa kwenda kuwaamsha.