Mkono Uchukuao: Somo Juu ya Vita na Mali za Raia wa Ugogo

Watu wakitaja vita hutaja bunduki na majemadari, na mji uliotekwa na mji uliookoka. Walakini vita vina mlango mwingine wa kuingilia, nao ni mlango wa zizi na wa ghala. Na aingiaye kwa mlango huo mara nyingi hakuja kupigana, amekuja na kamba mkononi na daftari kwapani. Somo hili lamhusu mtu huyo: amri aliyoichukua ilimhalalishia nini, na wale waliochukuliwa walimzuiaje wasipokuwa na silaha.

Mkonze ni katika vijiji vya Wagogo vilivyo kando ya mji wa Dodoma, na siku hizi ni kata ya jiji hilo. Nchi ile ina masika moja tu, yaanzayo kiasi cha Desemba yakakoma Aprili, na yakikosa hapana mengine ya kungojea. Kwa hiyo Mgogo wa zamani aliweka amana yake mahali pawili: uwele na mtama katika vilindo ndani ya tembe, na ng'ombe zizini. Mwaka wa njaa ng'ombe hubadilishwa kwa nafaka ya watu wa nchi zenye mvua. Mwaka wa neema nafaka huongeza ng'ombe. Mwenye kuondoa vyote viwili kwa pamoja hakumpunguzia mtu mali, amemkata miguu.

Reli ilifika Dodoma mwaka 1910, ikafika Kigoma mwaka 1914, na mwaka huo huo vita vikazuka baina ya Wadachi na Waingereza. Jeshi likaalo penye reli hula nchi iliyo karibu na reli. Serkali ya Wadachi ilidai ng'ombe, ikadai nafaka, ikadai na wapagazi. Tarehe 29 Julai 1916 jeshi la Jemadari van Deventer, lililoshuka kutoka Kondoa, liliingia Dodoma. Bendera ilibadilika, kamba haikubadilika. Waingereza nao walitaka nyama na unga, na mwaka 1917, walipokuwa wakiwafuata Wadachi kusini, walitoa katika wilaya ile wanaume kwa maelfu kwenda kubeba mizigo.

Yafaa kufahamu kwa nini jeshi lilihitaji watu wengi hivyo. Farasi na ng'ombe wa kukokota walikufa kwa ugonjwa wa mbung'o, na barabara za magari zilikuwa chache, basi kichwa cha mwanadamu ndicho kilichobeba risasi na unga. Sasa tazama hesabu yake. Mpagazi akipewa mzigo wa unga wa kilo 25, naye ale kilo moja kwa siku, siku ya ishirini na tano amekwisha kuula wote yeye mwenyewe, na askari hajaonja. Kwa sababu hiyo killa mwendo ukirefuka wapagazi huzidi, na wapagazi wakizidi unga huzidi kutakiwa, na unga hutoka katika vilindo vya nyumba ambazo wanaume wake ndio hao waliochukuliwa. Atakayelima ni nani? Waliachwa wanawake, wazee na watoto. Wapagazi wenyewe walikufa kwa kuhara, kwa homa na kwa njaa; hesabu ya Waingereza peke yao, kwa vita vyote vya Afrika Mashariki, imekiri vifo zaidi ya 40,000.

Kisha mvua ikakosa, na mwishoni mwa mwaka 1918 ukaingia na ugonjwa wa mafua makali ulioua watu duniani kote. Njaa hiyo Wagogo waliiita Mtunya, nayo ilidumu mpaka karibu mwaka 1920. Imekadiriwa kuwa walikufa watu wapatao 30,000 katika watu 150,000, yaani mmoja katika killa watano. Ukame haukuwa mgeni Ugogo. Watu wale walikuwa wameuzoea, na dawa yake walikuwa nayo zizini. Mara hii walipokwenda kuitazama dawa hawakuiona.

Je, walinyamaza tu? La. Mtu asiye na bunduki ana njia zake. Vijana walilala porini siku za kukusanya wapagazi. Waliochukuliwa walitoroka njiani. Ng'ombe waliondoshwa usiku, wakagawanywa kwa ndugu na marafiki wa mbali. Na hii ilikuwa desturi ya kale ya Wagogo, ya mtu kuweka baadhi ya ng'ombe wake katika mazizi ya wengine, ili likipatwa zizi moja na balaa lisipotee yote. Mwenye daftari humwandika mtu huyu mtoro na mkaidi. Lakini aliyeuficha mtamba mmoja kwa ajili ya maziwa ya wanawe alifanya jambo ambalo serkali mbili zenye mizinga zilishindwa kulifanya: aliwahifadhi raia.

Hapa ndipo somo linapowarudia Waislamu. Askari wa Wadachi walikuwa wengi wao Waislamu, na Kiswahili ndicho kilichokuwa kinywani mwa askari na mwa maakida. Upande wa Waingereza walikuwamo Mabaluchi kutoka Bara Hindi, nao ni Waislamu. Mwezi wa Novemba 1914 Sultani wa Istambul alitangaza jihadi, na Wadachi wakaitumia khabari hiyo huku Afrika Mashariki kuwavuta Waislamu upande wao. Ajabu ya jihadi itangazwayo na Wadachi, na Mwislamu akampiga risasi Mwislamu, na gharama yake ikalipwa kwa ng'ombe wa Mgogo.

Mizani ya jambo hili iko wazi. Imam Malik ameeleza katika Muwatta jinsi Sayyidna Abubakar alivyomuusia Yazid bin Abi Sufyan alipompeleka Sham na jeshi: asiue mwanamke wala mtoto wala mzee, asikate mti wa matunda, asiharibu palipokaa watu, asichinje mbuzi wala ngamia illa kwa kula. Huenda mtu akashika neno hilo la mwisho akasema, “Na sisi tulichinja kwa kula.” Jawabu lake ni kuwa wasia ule ulikuwa wa jeshi lililo katika nchi ya adui. Mgogo alikuwa adui wa nani? Alikuwa raia, mlipa kodi ya nyumba, na jeshi lile lilidai kuwa limekuja kumlinda.

Atasema mwingine, “Niliamriwa.” Mtume, rehema na amani zimshukie, amekwisha kufundisha kuwa kiumbe hatiiwi katika kumuasi Muumba. Wala si neno lisilotendeka. Mwaka 1930, tarehe 23 Aprili, huko Peshawar, watu wa Khan Abdul Ghaffar Khan, Wapathani walioapa kutolipiza kisasi wala kutumia silaha, walisimama sokoni Qissa Khwani mbele ya bunduki, na wengi wakauawa. Baadhi ya askari wa kikosi cha Garhwal, nao ni Mabaniani, waliamriwa kuwapiga risasi watu wasio na silaha wakakataa, wakahukumiwa na kufungwa. Askari hao hawakuwa wa dini ya wale waliowahurumia.

Vita vilipokwisha, jeshi halikuondoka lote. Ngoma ya beni, iliyoanzia Lamu na Mombasa, ilienea bara kwa njia ya askari na wapagazi, nayo ilikuwa na vyeo vya kijeshi, na kwata, na mavazi ya kufanana. Wako wasemao ilikuwa dhihaka kwa Wazungu, na kwa baadhi ya wachezaji yawezekana. Lakini mzaha urudiwao killa wiki hufanya mazoea. Hata jina la Kariakoo, soko la Dar es Salaam, limetokana na kikosi cha wapagazi wa Kiingereza, na wengi hununua ndizi pale bila kulijua hilo. Mwaka 1927 ilisimamishwa katika mji huo sanamu ya vita, na aliye juu ya nguzo ni askari na bunduki yake.

Imebaki hukumu ya mali. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wa Waislamu wa pwani na bara, killa mkono uliopokea mali iliyonyang'anywa una dhamana juu yake, hata ukiwa mkono wa kumi. Aliyelazimishwa kwa tishio la kuuawa ana udhuru unaotazamwa na kadhi. Ama yule aliyeamriwa ng'ombe mmoja, naye akaondoka na ng'ombe na mbuzi juu yake, mbuzi yule hakuamriwa na Kaizari wala na Mfalme wa Uingereza, na deni lake lamrithi mwenye mbuzi na watoto wake.