Spea za Yadi kwa Land Rover ya Kikundi: Tuanze na Breki



Kuna vikundi vyenye Land Rover kuukuu. Pengine ilinunuliwa kwa harambee, au kwenye mnada wa magari ya serikali, au iliachwa na mradi uliokwisha. Asubuhi inabeba maziwa, mchana mbolea, na usiku mwingine inampeleka mama mjamzito hospitali. Gari kama hiyo ikilala, kijiji chote kinajua. Na breki zikikataa kwenye mteremko, hasara yake haihesabiki kwa shilingi.

Spea mpya ni ghali, kwa hivyo tunakwenda yadi ya magari mabovu. Si vibaya. Yadi inaweza kuipa gari ya zamani nguvu ambayo haikuwa nayo ilipotoka kiwandani. Lakini pia inaweza kumaliza pesa za wanachama na kutuachia mzigo wa chuma. Katika somo hili tutaangalia nini cha kutafuta, nini cha kuacha, na namna ya kununua bila kujuta.

Kwa nini Land Rover inafaa kwa kazi hii

Tunazungumzia Land Rover za Series, zile zenye springi za vyuma bapa vilivyopangana. Series II ilitokea 1958, na Series III ilianza 1971 ikaendelea mpaka 1985. Hapa kwetu nyingine ziliunganishwa Thika. Ziko za aina mbili kubwa: fupi, ambayo kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma ni inchi 88, na ndefu ya inchi 109.

Uzuri wake ni huu: kwa miaka mingi kiwanda hakikubadilisha mambo mengi. Spea ya gari moja huingia kwa nyingine. Gari ndefu iliyokufa inaweza kuiponya gari fupi iliyo hai. Ndiyo sababu yadi inatufaa, mradi tujue tunachotafuta.

Kwanza: Isimame

Wengi wetu tukifika yadi, macho hukimbilia injini kubwa, tairi pana na taa za kupendeza. Hapo ndipo tunapokosea mpango. Gari inayokwenda mbio zaidi na breki zile zile za zamani haijaboreshwa. Imeongezewa hatari. Kwa hivyo shilingi ya kwanza iende kwa breki.

Land Rover fupi nyingi zina dramu za breki za inchi 10, yaani milimita 254. Zile ndefu zina za inchi 11, yaani milimita 279. Breki za mbele za gari ndefu huingia kwenye ekseli ya mbele ya gari fupi bila kuchomelea kitu. Chukua seti nzima ya pande zote mbili: dramu, sahani ya nyuma inayobeba breki shuu, na wili silinda zake. Usichukue upande mmoja ukategemea kupata mwingine mwezi ujao, kwa maana gari itavuta upande. Masta silinda nayo ilingane na wili silinda. Masta ikiwa ndogo kuliko inavyotakiwa, pedali itashuka mpaka chini kabla breki hazijashika.

Kitu cha pili cha kutafuta ni breki za mifumo miwili. Land Rover za zamani zina mfumo mmoja: paipu moja ikipasuka, magurudumu yote manne yanabaki bila breki. Series III za mwisho, hasa zilizotengenezwa baada ya 1980, zina masta silinda ya sehemu mbili. Mbele ikipasuka, nyuma bado inashika. Nyingi zina pia sevo, lile kopo kubwa la duara linaloupunguzia mguu kazi. Ukizipata, chukua sevo, masta silinda na kile kikalio cha pedali vyote pamoja, kwa sababu kikalio cha zamani hakitakubali sevo. Tena kumbuka kwamba sevo hufanya kazi kwa kuvutwa hewa na injini. Ya petroli huvuta yenyewe. Ya dizeli huhitaji kifaa chake cha kuvuta hewa, kwa hivyo kitafute kwenye gari ya dizeli.

Angalizo: vumbi la breki za zamani linaweza kuwa na asbestosi, ambayo huharibu mapafu na kuleta saratani. Usilipulize kwa mdomo wala kwa pampu. Lilowanishe kwa maji, pangusa kwa kitambaa, kisha kitambaa hicho kifungwe kwenye karatasi ya plastiki kitupwe mbali na watoto.

Pili: Iwake na ipoe

Magari ya Series II na IIA mengi yana dinamo. Dinamo haichaji vizuri injini ikienda polepole, na gari ya kijiji karibu siku zote inakwenda polepole. Ukisafiri usiku na taa zimewashwa, betri inakwisha. Tafuta alteneta ya Series III pamoja na kishikio chake na mkia wa nyaya zake. Lakini kabla ya kuifunga, angalia betri. Kwenye gari nyingine za zamani waya wa plasi ndio uliofungwa kwenye bodi. Ukiifunga alteneta ya kawaida namna hiyo, itaungua mara moja. Fundi wa umeme aigeuze kwanza.

Radieta ya shaba ni mali hata ikiwa chafu, kwa sababu fundi anaweza kuifungua, kuisafisha na kuichomelea. Angalia kama mapezi hayajaoza na kama kuna rangi ya kijani kibichi kwenye maungio. Hiyo ni dalili ya kuvuja.

Tatu: Ibebe

Springi zinunuliwe mbili mbili. Ya upande wa dereva na ya upande wa abiria hazifanani, kwa hivyo ziwekee alama kwa chaki kabla hazijatolewa. Kagua kila chuma karibu na bolti ya katikati, ndipo ufa unapoanzia. Bushi na zile bolti zenye umbo la U nunua mpya.

Kwa gari ndefu, kuna ekseli ya nyuma inayoitwa Salisbury. Utaitambua kwa tumbo lake kubwa lenye kifuniko cha bati nyuma. Ina nguvu kuliko ile ya kawaida. Ukiichukua, chukua na propela shafti yake, maana urefu si ule ule.

Hapa tuwe macho. Gari inayovuta magurudumu manne lazima difu ya mbele na ya nyuma ziwe na hesabu moja. Zikitofautiana, ukiingiza fowili zitapigana mpaka kitu kivunjike. Kuna njia rahisi ya kupima. Weka gia huru, inua gurudumu moja la ekseli hiyo na lingine lilale chini likiwa limezuiwa. Zungusha lile lililoinuliwa mara mbili kamili, na mwenzako ahesabu propela shafti imezunguka mara ngapi. Difu ya kawaida ya Series itatoa karibu mara 4.7. Ikitoa mara tatu na nusu, hiyo ni difu ya mbio, aina iliyotumika kwenye Range Rover za kwanza. Muuzaji atakuambia gari itapaa. Kweli, kwenye lami itakwenda mbio zaidi. Lakini ikiwa na mzigo kwenye mlima wenye matope, injini ya lita 2.25 itashindwa. Kwa kazi zetu, tuiache hapo ilipo.

Je, injini?

Watu wengi husifu injini ya dizeli ya 200Tdi, iliyokuja na Land Rover Discovery mwaka 1989. Ni injini nzuri ya lita 2.5, ina nguvu nyingi, na mafundi wengi wameifunga kwenye Series. Lakini iwe ya mwisho kwenye orodha. Giaboksi ya zamani haikutengenezewa nguvu hiyo, na dereva akiikanyaga ovyo itasagika. Ukiinunua, mkanda wa taimingi ubadilishwe kabla ya kuiwasha, hata kama muuzaji anaapa kwamba ni mpya. Mkanda ukikatika, injini imekwisha. Na ukishabadilisha injini, namba yake lazima iandikishwe NTSA. Usipofanya hivyo, polisi na kampuni ya bima watakuuliza maswali usiyoweza kuyajibu.

Vitu vya kutonunua yadi

Kuna spea ambazo urahisi wake ni ghali. Hizi nunua mpya daima:

1. Paipu za raba za breki.
2. Breki shuu, na raba za ndani za masta na wili silinda.
3. Vichwa vya fimbo za usukani.
4. Mikanda ya usalama.
5. Bearingi za magurudumu.

Tairi nazo zina umri. Ubavuni mwa tairi tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. Zikiwa 2316, ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Kashata zikiwa nzuri lakini raba imekauka na kupasuka ubavuni, iache.

Siku ya kwenda yadi

Asiende mtu mmoja. Waende watatu: fundi, dereva na mweka hazina. Fundi akague, dereva aseme gari inasumbua wapi, na mweka hazina awe na uwezo wa kusema, "Leo hatununui." Bebeni spea ile mbovu mkailinganishe, utepe wa kupimia, tochi, burashi ya waya na nyundo ndogo. Mkitaka kipande cha chasisi, kigongeni. Chuma kizima kinalia kama kengele, kilichooza kinatoa sauti ya debe lenye mchanga. Bolti za magari haya ni za inchi, kwa hivyo msilazimishe nati ya milimita.

Ulizeni spea imetoka gari gani. Yeyote anayefanya biashara ya vyuma vikuukuu anatakiwa kuwa na leseni chini ya sheria ya Scrap Metal Act ya 2015. Dai risiti yenye jina la muuzaji na tarehe. Kwa injini au giaboksi, andika namba iliyogongwa kwenye chuma, na kama namba imekwanguliwa, ondokeni. Kununua mali ya wizi ni kosa la jinai, na hapo pesa hupotea na kiongozi wa kikundi huenda akalala ndani. Tukumbuke pia kwamba gari iliyoibwa huenda ilikuwa ya kikundi kama chetu.

Mkirudi nyumbani, kila kitu kiandikwe: spea, bei, ilipotoka, nani aliifunga na lini. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kabla ya kupakia mzigo

Baada ya kufunga breki, toeni hewa yote kwenye paipu. Tumieni oili ya breki pekee. Oili ya injini huvimbisha raba na breki zitakataa baada ya siku chache. Kanyaga pedali kwa nguvu ukihesabu mpaka 60. Ikizidi kushuka, kuna mahali inavuja. Kisha jaribuni uwanjani ikiwa tupu, halafu na nusu mzigo, ndipo iguse mteremko. Watu wasipande mpaka fundi na dereva wote wawili wamekubali.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Gari yetu ina mfumo mmoja wa breki au miwili? Nani amefungua boneti akahakikisha?
2. Kati ya spea tulizonunua mwaka jana, ngapi zilikuwa za usalama na ngapi zilikuwa za kupendeza macho?
3. Dereva wetu akikataa kuendesha kwa sababu breki si nzuri, tutamshukuru au tutamlaumu kwa maziwa yaliyoharibika?
4. Tukiwa na pesa za spea moja tu mwezi huu, itakuwa ipi?

Jibu la swali la nne liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano kabla mtu hajapanda matatu kwenda yadi.